Mwanga wa Kona ya Kushoto

Nilipojiandikisha kwenye kozi ya kusoma milima kwa picha za satelaiti, niliwaambia watu kwamba nataka kuongeza ujuzi. Uongo mtupu. Nilitaka kumchungulia binti yangu.

Binti huyo tunamwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, kwa sababu tangu alipojua kutembea hajawahi kutulia mahali pamoja zaidi ya muda wa kunywa chai. Wenzake walisomea kazi za kukaa kwenye viti. Yeye akasomea mimea ya milimani, na sasa yuko huko juu na wenzake wawili, wanahesabu majani na kupima udongo, wanalala kwenye mahema, na wakimaliza upande mmoja wa mlima wanahamia mwingine. Simu inashika pale mlima unapotaka. Nikimuuliza, "Uko wapi hasa?" ananijibu, "Niko mlimani, mama," kana kwamba mlima ni chumba cha pili.

Mimi si mgeni wa milima, ila milima yangu ilikuwa ya karatasi. Nilikuwa mchoraji ramani serikalini mpaka siku kompyuta ziliponikuta mezani na kunipa mkono wa kwaheri. Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutia kivuli. Mlima usiotiwa kivuli ni duara juu ya duara tu, mtu haelewi kitu. Ukiutia kivuli vizuri, unanyanyuka kwenye karatasi hata unataka kuupapasa. Na sheria yetu ya kivuli ilikuwa moja: mwanga unatoka kona ya juu kushoto. Mlima uwe wa nchi gani, jua la ofisi yetu lilikaa kona hiyo hiyo na halikutua hata siku moja.

Basi niliposikia kwamba chuo cha jirani kinafundisha watu wazima kusoma picha zinazopigwa kutoka angani, nikasema hapo hapo. Mtoto hasemi aliko? Nitamwona mwenyewe.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke ambaye umri wake hauzidi ule wa viatu vyangu vya ofisini. Siku ya kwanza alitandaza mlima mzima ukutani, nami nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema karibuni.

"Mwalimu, mtu akiwa nje ya hema lake, anaonekanaje hapo?"

"Haonekani, mama. Hizi picha tunazopata bure, kila kidoti kinabeba mita kumi kwa kumi. Hema lenyewe halionekani."

"Hata akivaa nguo nyekundu?"

"Hata akivaa taa ya gari."

Darasa zima likavunjika mbavu. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamwambia mume wangu kwamba nimetupa ada yangu shimoni, kwamba satelaiti ni kipofu, na kwamba sirudi tena. Kesho yake nilikuwa wa kwanza darasani, maana ada haikuwa ya kurudishwa.

Sasa nisiwe mchoyo wa sifa. Ile kozi ilinikamata. Nilijifunza kwamba jani lenye afya linarudisha mwanga ambao macho yetu hayauoni, na kwamba kompyuta inaweza kuupa mwanga huo rangi nyekundu, hivyo msitu mzuri unaonekana mwekundu kama pilipili. Mara ya kwanza niligoma. Nilimwambia mwalimu kwamba nimepaka misitu kijani tangu yeye hajazaliwa na sitaanza leo kuiharibu. Wiki chache baadaye nilikuwa nauangalia msitu mwekundu na kusema, "Hapa pamekauka kidogo," kama mkulima. Nilijifunza kulinganisha picha ya mwezi huu na ya mwezi jana, kutofautisha wingu na theluji, mwamba na udongo uliolimwa. Darasa wakanibatiza Mama Mistari, kwa ajili ya mistari ya mwinuko niliyokuwa nikiichora kwa mkono pembezoni mwa kila karatasi. Kazi yangu ya kumaliza kozi nikachagua mlima wa Kiguu. Mwalimu akatabasamu, hakuniuliza sababu.

Kiguu mwenyewe aliposikia alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Mama, sasa utanichunga mpaka kutoka angani?"

"Ungekuwa unasema uliko, nisingepanda huko."

Tangu siku hiyo, kila wakihamisha mahema, alinitumia alama ya mahali kwenye simu. Ya mwisho ilikuja jioni moja mvua ikinyesha hata bati letu linapiga kelele. *Tumehamia hapa. Pazuri sana. Usiwe na wasiwasi.* Mtoto akikwambia usiwe na wasiwasi, ujue umeanza.

Mvua haikukata. Ijumaa asubuhi redio ikatangaza kwamba upande wa juu wa mlima umeporomoka, daraja limechukuliwa, mnara wa simu umelala, na haijulikani kama kuna watu walioumia. Nilipiga namba ya Kiguu mpaka kidole kikaniuma. Mume wangu, ambaye ni fundi saa na hana tabia ya kuharakisha jambo lolote, alifunga kibanda chake, akaja nyumbani akakaa tu, mikono magotini. Hapo nikajua na yeye roho iko juu.

Nikampigia mkuu wa kikosi cha uokoaji cha mlimani. Tulikuwa tunafahamiana kwa kazi, kwani ramani iliyotundikwa ukutani kwake niliichora mimi.

"Mama, nisikudanganye," akasema. "Ndege haiwezi kuruka, wingu limekaa. Alama ya kambi yao ninayo, mwanao alitutumia na sisi. Tatizo ni hii ramani yako. Pale walipo umeniwekea rangi ya kahawia tupu."

Alisema kweli. Ule upande wa mlima umejaa migongo na makorongo membamba, yamelala pamoja kama vidole vya mkono, na kwenye ramani ya kipimo kile vyote huwa havikai. Mchoraji hulazimika kulainisha. Nililainisha mwenyewe, sina wa kumlaumu.

"Njia ziko mbili," akaendelea. "Ya chini inaingia kwenye makorongo, ni fupi. Ya nyuma inapanda mgongoni, inakula siku nzima zaidi. Kama wamefukiwa, lazima nipite chini na majembe, tena haraka. Kama wako juu, njia ya chini ni kuua watu wangu bure, maana huko udongo bado unateleza. Nikijua wako wapi, naondoka."

Kwa hiyo swali lilikuwa moja, na halikunitoka kichwani usiku ule wote: mwanangu yuko korongoni au mgongoni?

Jumamosi asubuhi wingu lilifunguka kidogo, kwa bahati, wakati ule ule satelaiti inapita. Mwalimu aliiona picha kabla ya wote, akatutumia ujumbe kwamba mlima umeonekana. Nikaipakua, nikaikata sehemu ninayoitaka, nikaenda duka la kuchapisha nikamwambia yule kijana atoe karatasi kubwa kuliko zote alizonazo. Mimi kitu nisipokiona kwenye karatasi sikiamini.

Nikaitandaza mezani, sebuleni, dirisha wazi. Mume wangu alikuwa ametoka kwenda kuulizia habari kwa mtu aliyesikia kwamba kuna mtu anajua kitu. Nikachukua ile lenzi yake ya kukazia jichoni, ya kuangalia vyuma vya saa, nikaweka nukta ya wino mahali penye alama ya Kiguu. Kisha nikaangalia.

Niliona mgongo mrefu wa mlima, umechubuka wote kuanzia juu kwenye miamba hadi chini, mweupe kama mfupa. Juzi ulikuwa na msitu, leo uko uchi. Na ubavuni mwake, sambamba nao, korongo jeusi limejaa kiza. Nilielewa mara moja. Mgongo umevunjika, msitu na mawe vimemwagikia korongoni. Na nukta yangu ya wino ilikuwa katikati ya lile korongo jeusi.

Sijui nilikaa muda gani. Najua tu kwamba nilikuwa nikiipangusa ile nukta kwa kidole, kama vile ni uchafu, na wino ukasambaa.

Nikampigia mkuu. "Wako korongoni," nikamwambia. "Mgongo umewaangukia."

Akauliza, "Una picha?"

"Ninayo mbele yangu."

"Basi tunapita chini. Majembe yapo. Leo giza litatukuta njiani, tunaondoka kesho alfajiri." Halafu akasema polepole, "Pole sana, mama."

"Usinipe pole!" nikamfokea. "Nani kakwambia nimefiwa?" Nikakata simu, nikaweka kichwa mezani.

Mume wangu alirudi bila habari yoyote. Aliniona, akaiona karatasi. Alivuta kiti chake akakaa upande wake wa meza. Inabidi nieleze kuhusu meza hii. Tangu tuoane yeye anakaa upande ule na mimi upande huu, tukitazamana, na gazeti langu hulisoma kichwa chini miguu juu, kwa kuwa kununua lake ni ubadhirifu. Amezoea hivyo, na anasoma haraka kuliko mimi. Nimemsema sana kwa hilo, akanisikia kwa sikio hili akatolea kwa lile.

"Kambi ndiyo hii?" akauliza, akigusa wino uliosambaa.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akainama. Akajikuna kidevu. Akaichukua lenzi yake, akaikaza jichoni, akaangalia muda mrefu mno.

"Sasa unalia nini?" akasema. "Si wako juu hapa?"

"Juu wapi?"

"Hapa. Juu ya mgongo. Huu mfereji mweupe ndio uliojaa matope, wao wako kando, juu."

Nilimtazama mwanamume huyu, baba wa mtoto wangu, nikahisi hasira inanipanda kutoka kwenye nyayo. "Mzee, leo si siku ya kunifariji kwa uongo. Huu mweupe ni mgongo. Huu mweusi ni korongo. Mimi kazi hii nimeifanya maisha yangu yote. Wewe unajua nini kuhusu milima?"

"Sijui chochote. Nasema ninachokiona."

"Basi vaa miwani!"

"Nimevaa lenzi, bibi wewe! Njoo uangalie mwenyewe."

Nilisimama ili nimwoneshe upumbavu wake. Nikazunguka meza, nikainama juu ya bega lake, nikaweka kidole kwenye lile korongo jeusi ili nimtajie jina lake. Kidole kikabaki hewani.

Mlima ulikuwa umegeuka. Sijui niseme vipi. Ulikuwa umegeuka wote kwa pamoja, kama mfuko wa suruali uliovutwa nje. Mahali palipokuwa shimo pakawa pamenyanyuka, mgongo mweupe ukawa mfereji, na nukta yangu ya wino ikakaa juu, kwenye mgongo mwembamba, kando ya mfereji ule, mahali pakavu.

Nikarudi kwenye kiti changu. Korongo. Nikazunguka tena. Mgongo. Nikarudi. Korongo.

"Umeona?" akasema.

"Nyamaza kwanza."

"Lakini umeona?"

"Si mashindano haya, Mzee! Nyamaza!"

Nilikuwa na hofu kuliko mwanzo. Mama anayetafuta mtoto ataona anachotaka kukiona, na mimi nilitaka mgongo kwa nguvu zangu zote. Nikilichagua lile linalonituliza moyo, na kumbe la kwanza ndilo kweli, nitakuwa nimemwacha mwanangu chini ya udongo kwa sababu ya kiti nilichokalia. Picha ni moja. Macho ni yale yale. Niamini upande gani wa meza?

Nikampigia mwalimu. Nyuma yake kulikuwa na maji yanamwagika na mtoto analia, nadhani alikuwa anamwogesha. Nikamweleza yote kwa pumzi moja.

"Mama Mistari," akasema, "ngoja. Kabla ya kitu chochote, niambie jua lilikuwa wapi."

"Jua gani?"

"Wakati picha inapigwa. Imeandikwa kwenye maelezo yake. Fungua."

Sikuwa nimefungua. Nilikimbilia picha, sikuyajali maelezo. Nikaifungua kompyuta, nikasoma kwa sauti. Jua lilikuwa kusini-mashariki.

"Kwenye karatasi yako hiyo ni kona ipi?"

Nikanyoosha kidole mwenyewe, hakuna aliyekuwa ananiona isipokuwa mume wangu. Chini, kulia.

Sikuhitaji aendelee. Nilikaa chini taratibu. Mwanga ulikuwa unatoka chini kulia, na mimi nilikuwa nimeusoma mlima kana kwamba mwanga unatoka juu kushoto. Kila ubavu unaong'aa nilidhani unatazama juu kushoto, kumbe unatazama chini kulia, na kwa hiyo kila kilichonyanyuka nilikiona kimezama. Lile jua la ofisini, lile lisilotua, lilikuwa bado linawaka kichwani mwangu. Mume wangu alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, basi kwake mwanga ulitoka juu kushoto, kama ninavyotaka mimi, na mlima ukamkalia sawasawa.

"Huwa tunadanganyika wote," mwalimu akasema. "Hata mimi. Ila wewe, mama, umelizoea jua la upande mmoja kuliko sisi sote. Kwako ni lazima."

"Kwa hiyo wako juu?"

Akaniambia, "Walipiga kambi juu. Kama ni wazima, hilo mimi silijui, na picha haijui. Tena usiniamini kwa kivuli peke yake. Nitafutie ushahidi mwingine usiotegemea mwanga."

Nilimpenda kwa kusema vile. Mtu mwingine angenipa asali tu.

Nikaitoa picha ya zamani, ile ya kazi yangu ya darasani, iliyopigwa kiangazi kabla ya mvua. Nikaziweka mbili ubavu kwa ubavu. Mume wangu akaja kusimama nyuma yangu, akashika kiti. Nikatafuta alama zisizohama: jiwe kubwa tupu kule juu, kona ya mto kule chini. Nikapiga mstari kwa rula kutoka kwenye jiwe hadi kwenye kona, kwenye picha zote mbili. Na kwenye picha ya zamani, pale pale ambapo leo kuna weupe, kulikuwa na uzi mweusi mwembamba, unaopindapinda katikati ya msitu mwekundu. Maji. Kijito.

"Mzee," nikasema, "kijito kinapita wapi? Juu ya mgongo?"

"Kijito cha wapi kinachotembea juu ya paa?" akajibu.

Tukatazamana. Weupe ule ulikuwa korongo la kijito, limejaa matope na mawe. Kambi ilikuwa kando yake, na kilicho kando ya korongo la kijito kimenyanyuka. Hapo hapakuwa na kivuli, wala kona, wala upande wa meza. Nikaiweka rula chini.

Lakini kulikuwa na simu moja ya kupiga, na ilikuwa nzito.

"Mkuu, ni mimi tena. Nilikosea. Wako juu, mgongoni. Usipeleke mtu korongoni."

"Mama." Nilimsikia anakaa. "Mchana korongo, jioni mgongo. Usiku utaniambia wako baharini?"

"Nastahili. Niseme tena: niliisoma picha kinyume. Korongo ndilo limejaa. Kambi iko juu yake, upande wa kulia ukipanda."

"Una uhakika?"

Nikamtazama mume wangu. Uso wake haukunisaidia. Nilijua ninachoulizwa. Nikisema ndiyo, wanaume wale wataacha njia fupi na kuzunguka siku nzima. Kama Kiguu yuko chini ya udongo, siku hiyo ndiyo itakayommaliza, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeitia saini.

"Nina uhakika," nikasema.

"Ukikosea safari hii, mama, anayeumia ni mwanao."

"Najua ni mwanangu, Mkuu. Nilimzaa mimi. Pita nyuma."

Akavuta pumzi. "Haya. Tunapita nyuma."

Jumapili sitaielezea sana. Mume wangu aliifungua saa moja, akaifunga, akaifungua tena, saa ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Mimi nilifagia nyumba iliyokwisha fagiliwa. Alinipikia chai mara nyingi kuliko alivyonipikia tangu tuoane, na yote ilikuwa haina sukari kwa sababu alikuwa anasahau. Mchana mvua kubwa ilipiga tena upande wa mlima, tukaiona kwa mbali imesimama kama ukuta. Nikaanza kujijadili upya. Je, kama rula iliteleza? Je, kama jiwe lile si jiwe lile? Nilizitoa zile picha tena, nikapima tena, nikapata jibu lile lile, na bado sikutulia.

Jumatatu, jua likiwa kichwani, simu ikalia. Namba ndefu nisiyoijua, kama zile za simu za satelaiti.

"Mama," sauti ya mkuu, mbali, inakatika. "Upo peke yako? Kaa kwanza."

Mtu asimwambie mzazi akae kwanza. Nikashika mlango.

"Korongo limeteremka tena jana asubuhi," akasema. "Lote. Tuliliona kutoka ng'ambo, tukiwa tunapanda. Lilichukua hata miti iliyokuwa imebaki. Saa ile, mama, kwa njia ya chini, tungekuwa humo ndani. Mimi na vijana wangu wote, na majembe yetu." Akaongeza, "Nilitaka nikuambie hilo kwanza."

"Na mwanangu?"

"Eeh?"

"Mwanangu, Mkuu! Mwanangu!"

"Ah! Samahani, mama, si huyu hapa? Wote watatu wazima, njaa tu na baridi. Mmoja ameumia kidogo kifundo cha mguu. Wako kwenye ule mgongo mkavu, wametuchemshia maji ya moto sisi tuliokuja kuwaokoa. Ananinyang'anya simu, subiri."

Ningekuwa karibu na mkuu yule ningempiga kofi kisha ningembusu mikono. Alianza habari mkiani! Nilicheka, nikasikia mwenyewe kwamba si kicheko. Mume wangu alikuwa amekwisha ukamata mkono wangu mmoja, ananitazama usoni asome, na nilipomtikisia kichwa kumwambia ni mzima, aliketi sakafuni pale pale alipokuwa amesimama.

"Mama?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga siku zote tatu, ya kumkaripia na ya kumbembeleza, kuhusu kazi za kukaa kwenye viti, kuhusu watoto wasiosikia. Hakuna hata moja lililotoka.

"Mama, unanisikia? Mbona huongei?"

Mume wangu akainua mdomo kuelekea simu kutoka kule chini sakafuni. "Anaongea, mwanangu. Machozi yamemtangulia tu."

"Baba! Mko salama? Mkuu anasema mama ndiye aliyesema wapite juu. Mama, ulituonaje? Hata hema letu halionekani huko!"

Ni kweli, sikumwona. Hata kidoti kimoja chake sikukiona. Nilipangusa uso kwa kiganja, nikaikamata simu kwa mikono miwili.

"Shuka," nikamwambia. "Shuka, mwanangu. Pitia nyuma, ushuke polepole."

"Nashuka, mama," akasema. "Tumeshakunja mahema."